Kamba Namba Thelathini na Moja

Saa mbili asubuhi, kabla wanachama hawajaanza kuja, Mama Kamba alikuwa ameshafagia stoo, ameshaketi kwenye kigoda chake na ameshafumba macho. Asiyemjua angedhani anasinzia kazini. Lakini vidole vyake vilikuwa macho kuliko mlinzi wa getini. Kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto alikuwa akipitisha kamba, polepole, pima baada ya pima, na kila pima aliikunja ikawa kitanzi. Kamba nzima hukunjika duara, kama bangili. Iliyoumia ndani huvunjika pembe, kama karatasi.

Kamba za wapanda miamba zina ganda na moyo. Ganda ni lile la marangirangi ambalo kila mtu analiona. Moyo ni nyuzi nyeupe zilizofichwa ndani, nazo ndizo zinazombeba mtu. Ganda laweza kung'aa kana kwamba limetoka dukani leo, na moyo umeshakatika. Ndiyo maana hakuyategemea macho.

"Macho yanapenda vitu vizuri," aliwaambia wanachama wapya. "Vidole havina upuuzi huo."

Kazi hiyo hakuisomea. Miaka ishirini na mmoja alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nyavu, amekaa mwisho wa mtambo, wavu unampitia mikononi naye anatafuta fundo lililolegea. Kiwanda kilipofungwa, klabu ya wapanda miamba ilimwajiri kufagia na kuosha vyoo. Wiki ya pili, akihamisha kamba ili apige deki, alisimama ghafla na kumwambia mwenyekiti, daktari wa meno aliyekuwa akijifunga viatu: "Daktari, hii imekufa hapa." Daktari alicheka. Kisha, kwa kumkomoa tu, akaipasua kwa kisu pale alipoonyesha. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zaidi ya nusu, na Jumapili iliyopita kamba hiyo ilikuwa imembeba mkewe. Tangu siku hiyo ufagio ulienda kwa mwingine, na yeye akapewa daftari, kigoda na jina la Mama Kamba.

Kwa miaka tisa alikuwa na sheria moja tu, na aliitunga mwenyewe. Kamba ikifa, inaandikwa kwenye daftari, inafungwa utepe mwekundu ncha zote mbili, na siku hiyohiyo inakatwa kwa kisu kilichopashwa moto, vipande visivyozidi urefu wa mkono wake. Wanachama walilalamika. Huyu alitaka ya kuvutia gari, yule ya kuanikia nguo. Mama Kamba hakusikiliza.

"Kamba nzima inamtia mtu tamaa," alisema. "Leo utavutia gari. Kesho umechelewa, umesahau ya kwako nyumbani, utaiangalia hivi, utasema, mara moja tu."

Katika miaka hiyo tisa hakuna mtu aliyeanguka kwa sababu ya kamba. Waliteleza, walivunja vidole, mmoja alipasuka kichwa kwa jiwe. Kamba haikuwahi kumwangusha mtu, na huo ndio utajiri pekee aliokuwa nao. Wapandaji wa miji mingine walipokuja waliuliza, "Hizi kazikagua nani?" Wakiambiwa, walijifunga bila kuuliza zaidi.

*

Mwamba waliokuwa wakiupanda ulisimama nyuma ya mtaa alikoishi, na upande wake wa pili kulikuwa na machimbo ya kokoto. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni king'ora kililia, baruti ikapigwa, na vumbi jeupe likapanda, likapinda juu ya mwamba na kushuka kwenye mabati ya nyumba. Nguo zilianikwa ndani. Sahani zilifutwa kabla ya kupakuliwa, hata kama zilioshwa dakika kumi zilizopita. Mjukuu wake wa miaka sita, ambaye mama yake alikuwa anafanya kazi mji mwingine, alikohoa tangu akiwa mchanga. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kizee ambacho hakikumfaa mtoto.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia, kila akimpaka mafuta kifuani, "wewe unakohoa kuliko mume wetu alivyokuwa anakohoa, naye alivuta sigara miaka thelathini."

"Mimi navuta mawe," mtoto alijibu.

Kwa muda mrefu vumbi hilo lilikuwa shida ya mtaa peke yake. Watu walipeleka barua, barua zikapokelewa kwa muhuri, ikaishia hapo. Kisha kampuni ya machimbo ikaomba kibali cha kuuvunja mwamba wenyewe, uso ule ambao wanachama wa klabu walikuja kuupanda Jumapili kwa magari yao. Kufumba na kufumbua, lilipatikana jopo la kampeni, zikachapishwa fulana, akapatikana msemaji: binti aliyesomea sheria, mpandaji hodari, mwenye ulimi mwepesi na nia safi. Hilo la nia safi Mama Kamba hakulikana hata baadaye, mambo yalipoharibika. Msemaji alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa kwenye vitanda vya watu, akaandika majina ya watoto wanaokohoa. Jina la mjukuu lilikuwa la nne.

Kilele cha kampeni kingekuwa siku ambayo maofisa wa kibali wangekuja kukagua eneo. Asubuhi hiyo, bango la kitambaa la urefu wa mita thelathini lingeshushwa kwenye uso wa mwamba mbele ya macho yao na ya kamera. Maneno yake yalikuwa matatu: HAPA WANAISHI WATU.

Siku mbili kabla ya hapo, kamba namba thelathini na moja ilirudi stoo. Ilikuwa imemzuia Mjusi. Huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mpandaji bora kuliko wote, na jina hilo alipewa kwa jinsi alivyoganda ukutani. Alianguka vibaya, kamba ikasugua ukingo. Mama Kamba alifumba macho, akaipitisha. Mita ya kumi na tisa, kitanzi kikavunjika pembe. Akaandika: *Imekufa. Mita ya kumi na tisa.* Akafunga utepe mwekundu ncha zote mbili. Kisu kilikuwa kimeshawekwa kwenye jiko la umeme wakati msemaji alipoingia na Mjusi nyuma yake.

"Mama, subiri, usiikate. Tumepungukiwa kamba ya bango."

"Chukueni nzima."

"Nzima zote zinabeba watu siku hiyo. Hii haitabeba mtu. Inabeba kitambaa tu."

"Imekufa, binti yangu."

"Na kitambaa hakina roho," alisema Mjusi. "Kikianguka tutakizika kwa heshima zote."

Mama Kamba alicheka. Baadaye, katika mambo yote, kicheko hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Aliitazama kamba, akakitazama kisu kilichoanza kuwa chekundu. Akamfikiria mtoto aliyemwacha nyumbani, amekaa mbali na dirisha. Akazima jiko.

Hata hivyo aliandika, maana kuandika ndiko kulikokuwa kazi yake. Chini ya mstari wa kwanza aliongeza: *Imetolewa nzima kwa ajili ya bango. Isibebe mtu.* Akatia sahihi yake, akawageuzia daftari. Msemaji akatia sahihi. Mjusi akatia sahihi, akachora na kimjusi kidogo pembeni, kama kawaida yake.

*

Siku ya ukaguzi Mama Kamba alisimama chini pamoja na watu wa mtaa, mjukuu mgongoni. Magari ya maofisa yalikuwa yameshaonekana yakikata kona. Bango likaachiwa. Likashuka nusu, kisha pembe yake ikanasa kwenye jino la jiwe na kitambaa kikajikunja. Kutoka chini lilisomeka HAPA, basi.

Juu kulikuwa na watu sita na dakika tatu. Mjusi alitazama huku na huku, akaona kamba iliyokuwa karibu. Zile nzima zilikuwa zimefungwa upande wa pili, na kuzifikia kungechukua dakika tano. Akajifunga kwenye namba thelathini na moja, akaanza kushuka kuinasua pembe. Wapandaji huweka gunia kwenye ukingo ili jiwe lisile kamba. Kamba hiyo haikuwekewa gunia, kwa sababu kitambaa hakihitaji gunia.

Mama Kamba aliuona utepe kabla ya kumwona mtu. Kitu chekundu, kidogo kama kidole, kinachezacheza kiunoni mwa kijana. Alimshusha mtoto chini, akaliita jina la Mjusi kwa nguvu zote, lakini hapo palikuwa na makelele mengi ya shangwe na sauti yake ikapotea humo. Mjusi aliivuta pembe, bango likafunguka lote kwa mpigo mmoja, kamera zikalipiga, na katika picha ile ile, upande wa kulia, kuna kijana yuko hewani bila kitu.

Alianguka mita nane, akadakwa na rafu ya jiwe. Nyonga ilivunjika, na paja mara mbili. Aliishi.

Picha ikazunguka kote. Watu ambao hawakuwahi kuusikia mtaa ule sasa waliujua. Msemaji alihojiwa mara tatu kwa siku moja. Maofisa waliahirisha kibali. Kisha mwanasheria wa kampuni akauliza swali dogo, kwa upole, mbele ya waandishi: ile kamba ilikuwa ya namna gani, na nani alijua?

*

Mwenyekiti hakumwita klabuni. Alimwita kliniki kwake, baada ya mgonjwa wa mwisho wa mchana. Msemaji alikuwa ameshakalia kiti cha pekee cha wageni, mwenyekiti kile chake cha magurudumu. Kilichobaki ni kiti kikubwa cha mgonjwa, chenye taa juu yake. Mama Kamba akapanda hapo, miguu ikaning'inia.

"Mama, unajua tunavyokuheshimu," alianza mwenyekiti.

"Daktari, ukianza hivyo najua jino linatoka."

Msemaji alieleza, na alieleza vizuri. Ikijulikana kwamba viongozi wa kampeni waliitumia kamba wakijua imekufa, kampuni itasema hawa ni watu wa fujo wasiojali uhai, na watu kama hao hawawezi kusemea uhai wa mtaa. Klabu itafungiwa. Maofisa watapata kisingizio. Kibali kitatoka mwezi huu huu. Lakini ikiwa kamba ilitolewa kwa bahati mbaya, na mzee mmoja aliyechoka, hiyo ni ajali. Ajali haina siasa.

"Daftari linasema nini?" aliuliza Mama Kamba.

Mwenyekiti alitazama kucha zake. "Ule ukurasa umetoka."

"Umetokaje?"

"Umetoka tu, mama."

"Ulikuwa na sahihi mbili."

"Tatu," alisema msemaji taratibu. "Na wewe ulisaini kwamba hukuikata. Miaka tisa unakata, safari hii hukukata. Mimi sikulaumu, mama. Mimi ndiye niliyekuomba. Lakini hilo nalo ni kweli."

Lilikuwa kweli, na ndilo lililomfunga mdomo. Kama angekuwa hana doa angepiga meza. Alikuwa amekuja na kosa lake mkononi, tayari kulikiri: niliacha kamba iliyokufa ikiwa nzima. Hakuna aliyelitaka kosa hilo. Walimwandalia jingine.

Barua ilikuwa tayari imechapwa. Ilisema kwamba yeye, mtunza stoo, aliipitisha kamba namba thelathini na moja kuwa nzima, kwa sababu ya umri na udhaifu wa macho.

Aliisoma mara mbili. "Hapa pa macho si kweli."

"Mama, ni namna ya kusema tu."

"Mimi situmii macho. Mtu yeyote anayenijua akisoma hapa atajua mmetunga."

Walitazamana. Mwenyekiti akachukua kalamu, akakata neno, akaandika juu yake, akamrudishia. Sasa ilisomeka: kwa sababu ya umri na vidole vyake kufa ganzi.

Aliiweka karatasi mapajani. Msemaji aliinuka, akafungua dirisha. Walikuwa mbali na mtaa wake, lakini ilikuwa saa kumi na mlio wa baruti ukasikika, mdogo, kama mlango uliofungwa nyumba ya tatu. Mama Kamba alihesabu kimoyomoyo muda ambao vumbi linachukua kupanda, kupinda na kushuka. Kisha akaomba kalamu.

"Kwa ajili ya yule mtoto wangu," alisema. "Si kwa ajili yenu."

"Tunajua, mama."

"Hamjui. Lakini andikeni hivyohivyo."

*

Mambo yakaenda kama msemaji alivyosema. Klabu ilitoa tamko la masikitiko, ikaeleza kwamba mhusika ameondolewa. Kwenye foleni ya bomba, jirani ambaye mtoto wake alikuwa wa tano katika ile orodha alivuta ndoo yake kando. "Huyu ndiye aliyempa mtoto wa watu kamba mbovu," alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kunong'ona inayofika bombani. "Kang'ang'ania kazi na mikono imeshakufa." Mama Kamba alijaza ndoo yake mpaka juu, akaibeba bila kumwaga tone. Hakuna aliyeliona hilo.

Miezi mitatu baadaye kibali kikakataliwa. Mwamba ukatangazwa eneo la hifadhi, na mashine za kampuni zikahamishiwa kwenye vilima vingine, ambako pia kuna mabati na watoto, ila hakuna mtu anayevipanda Jumapili. King'ora kikanyamaza. Wiki ya tatu mjukuu alilala usiku kucha bila kukohoa, na bibi yake ndiye aliyekesha, akisubiri kikohozi ambacho hakikuja.

"Mke mwenzangu, umeacha mawe?" alimuuliza asubuhi.

"Yameisha," alisema mtoto.

Kwa hiyo alipata alichokitaka. Alijikumbusha hivyo siku ya sherehe, alipokaa mstari wa mwisho wa viti vya plastiki chini ya mwamba, kwenye eneo ambalo sasa lilikuwa na uzio na kibao cha kuonyesha saa za wanachama. Mwenyekiti alizungumza. Msemaji alizungumza, akasoma majina ya watoto wote, bila kuruka hata moja. Mwisho akaitwa Mjusi. Alikuja na magongo mawili, watu wakasimama.

Alishukuru madaktari, alishukuru mtaa. Kisha akahamisha gongo moja, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Na kuna mama mmoja," alisema, "ambaye alikosea. Binadamu tunakosea. Nataka niseme leo, mbele yenu wote, kwamba nimemsamehe."

Makofi yalipigwa. Vichwa vikageuka nyuma kumtafuta, na waliomwona walimtabasamia kwa huruma. Jirani wa bombani alimpigapiga begani. Mama Kamba naye alipiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine.

Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Mjusi mpaka kwenye gari. Kijana alimwona, akajaribu kusimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unavuta. Daktari kasema labda nitapanda tena mwakani."

"Utapanda. Nina swali moja tu. Ule utepe mwekundu. Ulipojifunga, uliuona, au hukuuona?"

Mjusi aliutazama mwamba.

"Mama, hapa si mahali pake."

"Niambie mahali pake ni wapi, nitakuja."

Hakumwambia. Aliingia garini, magongo kwanza, na alikuwa na adabu ya kutomtazama usoni. Hilo lilikuwa jibu, na lilimtosha, ingawa halikumsaidia.

*

Mwezi uliofuata, asubuhi, gari dogo la klabu lilisimama mlangoni kwake. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi aliyewahi kumletea chai stoo, alishusha magunia mawili.

"Shem," alisema, maana walizoea kutaniana hivyo, "nimetumwa, usinipige. Yule binti mpya wa stoo ana cheti cha mambo ya michezo, anajua kila kitu cha kwenye kompyuta. Lakini wapandaji wameanza kuuliza nani anakagua. Wakubwa wanasema uzipitie kimyakimya. Ipi nzima, ipi mbovu. Wanasema hakuna haja ya kuandika."

"Vidole vimekufa ganzi. Hukusoma?"

"Nilisoma."

Angeweza kumrudishia magunia yake. Alilifikiria hilo, mkono kwenye fremu ya mlango. Lakini Jumapili ilikuwa siku tatu mbele, na kwenye kamba hizo kungekuwa na uzito wa watu, wengine hawajafika hata miaka ishirini. Akatoa kigoda nje, akaketi, akafumba macho. Dereva aliegemea gari. Mtoto alikaa kizingitini, akihesabu vitanzi.

Kamba ishirini na mbili zilichukua saa nne. Kumi na saba zilikuwa nzima. Tano aliziweka upande wake. Kisha akaingia ndani, akarudi na jiko la mkaa na kisu cha jikoni, akakiweka kwenye makaa.

Dereva alijiinua kutoka kwenye gari. "Hapana, shem. Hizo wamesema usizikate. Wataamua wenyewe cha kufanya nazo."

Mama Kamba alisubiri kisu kiwe chekundu. Akaishika kamba ya kwanza, akaipima kwa mkono wake, akakata. Ilitoa moshi mdogo wenye harufu ya plastiki. Akapima tena, akakata tena.

"Nitawaambia nini sasa?" dereva aliuliza.

"Waambie mama kakosea," alisema, bila kuinua kichwa. "Karatasi wanayo tayari."